Aliye Nje ya Daftari: Swali la Muuguzi na Namna ya Kuwachagua wa Kuulizwa



Nimekuja na swali ambalo muuguzi wa zahanati hukutana nalo kazini: kwa nini binti wa miaka 17 anaanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita? Kwa mkoa wetu swali hili ni zito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionesha kuwa Katavi, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Hakukuwa na mkoa uliotuzidi. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27.

Takwimu hizo zilitoka katika maeneo 608 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima, kaya 22 kila eneo. Muundo huo unatosha kuusemea mkoa, lakini kata moja hauwezi kuisemea. Kata yetu ya Kasokola lazima ijiulize yenyewe.

Tunajiulizaje? Swali ndilo linalochagua njia. Ukiuliza ni wangapi wanaochelewa, unahitaji uchunguzi wa kaya na sampuli nasibu. Ukiuliza nini kinawachelewesha, linganisha waliochelewa na waliowahi. Ukiuliza binti mwenyewe anaonaje, anamwogopa nani, nauli anaipata wapi, hapo huhitaji mamia. Chagua kwa makusudi wachache wenye hali tofauti, keti nao faraghani, sikiliza mpaka maelezo mapya yakome kujitokeza.

Na ukiuliza kama unasihi mpya unasaidia, unahitaji jaribio. Lakini muuguzi akishafundishwa unasihi huo hawezi kumpa mama huyu na kumnyima anayefuata kwenye foleni. Kwa hiyo kinachopigiwa kura ni zahanati nzima. Wenzetu wa Mwanza walilionesha hili miaka ya 1991 hadi 1994. Jamii 12 zilipangwa jozi sita. Katika kila jozi, moja ilianza kupata tiba bora ya magonjwa ya zinaa katika vituo vyake na nyingine ikasubiri. Watu wazima wapatao 1,000 walifuatiliwa katika kila jamii. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 upande wa tiba na 1.9 upande wa pili. Dunia nzima ya afya ilijifunza kutoka Kanda ya Ziwa.

Sasa nifike kwenye kiini cha neno langu. Wanafunzi wengi wanaofanya utafiti huketi kliniki siku ya mahudhurio, huwahoji waliopo, kisha huandika habari za wajawazito wa kata. Waliopo ni wale waliofika! Binti tunayemtafuta hayupo kwenye benchi, na jina lake halimo kwenye kitabu cha MTUHA, daftari la kumbukumbu za zahanati. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunawauliza waliolala kitanda kingine.

Wengine huandika 384 kama idadi ya sampuli kwa sababu wameiona kwa waliowatangulia. Namba hiyo hutoka kwenye kanuni yenye masharti: kiwango kinachokisiwa kiwe asilimia 50, kosa linalovumilika asilimia 5, uhakika asilimia 95, na kila mtu achaguliwe kwa nasibu peke yake. Ukichagua vitongoji kwanza kisha kaya, majirani hufanana, nawe unahitaji watu zaidi. Tena wingi hauponyi uteuzi mbaya: wanawake 1,000 wa kliniki hawawezi kumsemea mmoja asiyefika.

Basi tuanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji na orodha ya kaya. Tuihakiki kwa miguu pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, maana wahamiaji wapya na wafugaji huweza kuachwa. Tupige kura kuchagua kaya. Msimu wa kilimo familia nyingine huhamia shambani. Mlango uliofungwa tuurudie, tusiuruke kwenda kwa jirani aliyepo. Na kabla ya yote tupate kibali cha maadili na ridhaa ya kila mhojiwa. Kwa binti mdogo, tuzingatie ridhaa ya mzazi au mlezi na usiri wake mwenyewe.

Wauguzi wenzangu, kumchagua wa kuulizwa ni kuamua sauti ya nani itafika kwenye mpango wa afya. Kabla hujachapa dodoso lako, andika kwenye karatasi: nani hawezi kuingia katika sampuli hii? Kisha nenda ukamtafute huyo kwanza.