Moshi wa Lori Lililosimama
(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva na mafundi)



Lori lenye tabo likitoa moshi huku limesimama na injini inanguruma polepole, tutazame rangi kwanza. Moshi mweusi ni dizeli kuzidi hewa: tukague filta ya hewa na nozo. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanaingia ndani. Wa buluu ni oili.

Hapo wengi husema mara moja, "Ringi zimekwisha." Ngoja! Injini ikizunguka polepole, msukumo ndani ya tabo ni mdogo, wala hauzuii oili kuvuja. Bomba la kurudisha oili likiziba, huvuja zaidi. Tufungue mabomba. Njia ya moshi ikiwa kavu kabla ya tabo, na imelowa oili baada yake, oili inavujia kwenye tabo. Ikiwa imelowa kabla, tutazame bomba la kuingiza hewa. Likiwa kavu, ubovu umo ndani ya injini.

Ndugu, huu ni mshahara wetu. Sheria ya Ajira ya 2007 yaruhusu dereva akatwe kwa hasara aliyoitia kwa makusudi. Bomba lililoziba si makusudi. Basi tuandike tulichokiona, na tarehe, kabla hatujaitwa ofisini.