Kivuli cha Mwembe

Leo twataka kusema habari za kile kipande cha ua kilicho chini ya mwembe, ambacho watu wengi wa Shinyanga hukifagia tu. Wengine hupanda mahindi pale, nayo yakirefuka bila kuzaa, hushika shoka. Tusiukate mwembe. Tangu miaka ya 1920 miti mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, hata mwaka 1986 ikabidi ianzishwe kazi ya HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuirudisha miti kwa njia ya ngitili za Wasukuma.

Mahindi hushindwa kwa kuwa hukosa jua. Tena mizizi ya mwembe huyanywa maji kabla yao, na katika nchi kavu hili ndilo kubwa. Basi tupunguze matawi ya chini, nuru ya asubuhi ipate kuingia. Kisha tutoboe debe kuukuu, tulijaze udongo na samadi, tuliweke juu ya mawe ili mizizi isipenye. Humo tupande matembele: kivulini viazi huwa haba, lakini majani huchumwa. Mahali yamwagikapo maji ya kuoshea vyombo, tupande magimbi. Kule Geita, penye mvua nyingi zaidi, hata tangawizi yafaa kujaribiwa pembezoni mwa kivuli.

Lakini kwa maoni yetu, kazi ipitayo zote ni kitalu. Miche michanga huunguzwa na jua kali, kivuli huihifadhi. Ikikaribia mvua ya Novemba, tuisogeze juani kidogo kidogo, ipate kuzoea kabla ya kwenda shambani.