Mashine ya Kung'arishia Gari Mkononi mwa Mwanagenzi



Kijana anayejifunza kazi ya rangi katika gereji huanza kwa msasa, ndoo ya maji na kitambaa. Siku fundi wake anapomkabidhi mashine ya umeme ya kung'arishia, hujihesabu kuwa amepanda daraja. Mara nyingi hukabidhiwa pamoja na maneno machache tu: shika imara, usikandamize, usikae mahali pamoja. Maneno hayo yote ni ya kweli. Hata hivyo, hayamwelezi jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba mashine ile haiongezi kitu chochote juu ya gari. Kazi yake ni kuondoa.

Jambo hilo halifahamiki hata kwa wenye magari wengi. Mtu hupeleka gari lake lililofifia akiamini kwamba litapakwa kitu cha kulirudishia uso wake. Kumbe dawa inayotumika ina chembechembe ngumu ambazo hukwangua rangi kidogo kidogo. Mkwaruzo haujazwi; kingo zake ndizo zinazoshushwa mpaka zilingane na kina chake. Hapo ndipo mwanga unaporudi sawasawa machoni na gari likaonekana linang'aa. Nta itakayopakwa mwishoni ndiyo pekee inayoongezwa, na hiyo huisha kwa jua na mvua.

Basi yafaa kuuliza kuna rangi kiasi gani ya kuondolewa. Magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1990 yana rangi yenyewe chini, na juu yake tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Unene wa klia kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, na unywele mmoja wa binadamu una mikroni 70 hivi. Tabaka hilo jembamba kuliko unywele ndilo linaloikinga rangi ya chini na jua kali la nchi za joto. Likiisha, hakuna dawa ya kulirudisha. Gari halina budi kupigwa rangi upya, na katika gereji nyingi anayekatwa ujira ni mwanagenzi, ingawa aliyempa mashine bila maelezo ni mtu mwingine.

Hapa pana sababu ya mafundi wazee na vijana wao kutoelewana. Mzee aliyejifunza kazi katika miaka ya 1970 alifanya kazi juu ya magari ambayo mengi yalikuwa na rangi ya tabaka moja, isiyo na klia. Akisugua gari jekundu, pedi ilikuwa nyekundu, naye alijua kazi inakwenda. Kwenye gari lenye klia, dalili hiyo hiyo ni msiba: pedi ikichukua rangi ya gari, klia imekwisha mahali hapo. Mwanafunzi asiyeambiwa tofauti hiyo ataisoma dalili ya hatari kama dalili ya bidii. Mwalimu wa ufundi yeyote atatambua hapo kwamba kasoro haiko katika mikono ya kijana.

Mashine zenyewe ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza huzungusha pedi kwenye mhimili mmoja tu. Pedi yenye upana wa milimita 150, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake hupita juu ya rangi kwa mwendo wa karibu mita 12 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Msuguano huo huzaa joto upesi, hasa kwenye mikunjo ya bodi na kingo za milango, mahali ambapo rangi huwa nyembamba. Aina ya pili huzungusha pedi huku ikiitikisa katika duara dogo, na pedi ikikandamizwa mno huacha kuzunguka, ikabaki kutikisika tu. Kwa mwanagenzi, udhaifu huo ni rehema. Kumwanzisha kijana kwa mashine ya kwanza eti ndiyo ya wanaume ni majigambo ya gereji, na majigambo hayo yamekwisha kuharibu boneti nyingi.

Boneti ya kwanza, kwa hakika, isiwe ya mteja. Bodi kuukuu hupatikana kwa wauza vyuma chakavu kwa bei isiyoshinda gharama ya kupiga rangi mlango mmoja. Juu ya bodi hiyo kijana aachwe aunguze rangi kwa makusudi, aone inavyobadilika, asikie harufu yake, aguse joto lake kwa kiganja. Asiyewahi kuiona rangi ikiungua hatajua asimame wapi.

Kazi yenyewe huanza kwa maji na sabuni, kwa kuwa chembe moja ya mchanga ikinaswa chini ya pedi itachora duara juu ya bodi yote. Gari liwe kivulini na bodi iwe imepoa. Juani dawa hukauka kabla haijafanya kazi. Vipande vya plastiki na mipira ya madirisha hufunikwa kwa utepe wa karatasi. Mwanagenzi achore mstari mmoja wa kalamu ubavuni mwa bamba linaloshika pedi, ili aone kwa macho kama pedi inazunguka au imekwama. Kisha aweke matone machache ya dawa, aikalishe pedi juu ya bodi ndipo awashe, na azime kabla ya kuinyanyua, la sivyo dawa itaruka mpaka kwenye paa la gereji na usoni mwa jirani. Eneo la nusu mita kwa nusu mita latosha kwa mara moja. Mkono uende polepole, kila mstari ukifunika nusu ya mstari uliotangulia, na mashine ifanye kazi kwa uzito wake wenyewe na nyongeza ndogo tu ya mkono.

Dawa ianze ile laini kuliko zote, kwenye kipande kimoja kidogo. Ikitosha, kazi imepata kipimo chake. Isipotosha, ndipo ipandishwe nguvu. Mafundi wengi hufanya kinyume: huanza na kali ili mteja aone upesi.

Mtumishi anayetaka kujaribu mwenyewe nyumbani avue pete, saa na mkanda wenye chuma, kwa maana vitu hivyo hukwaruza gari linalong'arishwa. Waya wa umeme upite begani, usiburute juu ya rangi wala kwenye sakafu iliyolowa. Avae miwani na kitambaa cha pua. Tena aangalie kibati cha mashine kabla ya kununua. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230, na mashine iliyoundwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120. Plagi ya kubadilishia miguu haibadilishi volti, na mashine hiyo itaungua mara itakapowashwa.

Lipo pia suala la gari la ofisi. Ofisa anayeidhinisha ling'arishwe kila robo mwaka ili lipendeze machoni pa wageni anaidhinisha kupunguzwa kwa mali ya umma, ingawa hati ya malipo itasomeka kuwa ni matengenezo. Kuosha na kupaka nta kwa mkono kunatosha kwa muda mrefu. Kipo kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi, na gereji inayopewa kazi za idara yafaa iulizwe kama inacho, na vipimo viandikwe kabla ya mashine kuwashwa.

Na mkwaruzo ambao ukucha hunasa ukipitishwa juu yake, huo kwa kawaida umekwenda chini kuliko klia inavyoweza kushushwa. Mwanagenzi auache, na mwenye gari aambiwe.