Mitufaha ya Zamani Isikatwe Upesi



Kwa miaka kumi hii wanunuzi wametutaka tufaha la namna moja: jekundu, tamu, ling'aalo. Hatuwalaumu. Lakini sasa shoka limeifikia mitufaha ya zamani hapa Usambara, ile isiyo na jina, yenye matunda makali ya kijani, na jambo hilo latutia wasiwasi.

Mbegu ya tufaha haitoi mti ulio sawa na mama yake. Basi mti ukikatwa kabla ya kutwaliwa vikonyo vya kupandikiza, aina yake imekwisha. Huko Southwell, Uingereza, binti Mary Ann Brailsford alipanda mbegu mwaka 1809. Matunda yake yalikuwa makali mno kuliwa mabichi. Mwaka 1856 mkuza miche Henry Merryweather aliomba vikonyo. Mwenye nyumba wa wakati huo, mwuza nyama Bwana Bramley, alikubali kwa sharti kwamba tufaha liitwe kwa jina lake (aliyepanda hakukumbukwa!). Likawa tufaha la kupikia lenye sifa kubwa kuliko yote nchini humo.

Twaomba kila tawi litutumie orodha ya miti yake mikongwe, na wenyewe waizuie shoka mpaka vikonyo vitwaliwe.