Kompyuta Imekufa? Uliza Ni Kipi Kilichokufa

Leo tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi wetu tunacho nyumbani lakini hatukijui: kompyuta.

Nianze na kisa. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, laptopu yake ilikataa kuwaka. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaipindua pindua, akamwambia, "Mama, hii imekufa. Niuzie kwa elfu mbili, nitoe spea." Mama akapokea pesa, akarudi kwake. Usiku ndipo alipokumbuka: mle ndani mlikuwa na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi za kiwanja na picha za marehemu mumewe. Asubuhi akarudi mbio. Diski ilikuwa imeshauzwa.

Mama yule si mjinga. Ni vile hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kompyuta si kitu kimoja. Basi wewe unayesoma, tuelewane.

Kompyuta ina pande mbili. Maunzi ni vile unavyoweza kuvigusa: skrini, kibodi, betri, diski. Programu ni maagizo yanayoendesha hivyo vyombo. Huwezi kuyashika kwa mkono.

Kwenye maunzi, shika majina matatu.

Prosesa ndiyo inayopiga hesabu zote. Kila unachobonyeza hupitia kwake.

RAM ni kama meza ya jikoni. Unachokifanyia kazi sasa hivi kiko juu yake, na ukizima kompyuta meza inapanguswa. Meza ikiwa ndogo, kazi inakwama. Siku hizi GB 4 utahangaika nayo. GB 8 inatosha kwa kazi nyingi za nyumbani.

Diski ni kabati. Vitu vyako hukaa humo hata stima ikipotea. Ile ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa hivyo ikianguka huharibika kwa urahisi. Ile inayoitwa SSD haina kinachozunguka, na laptopu kuukuu ikitiwa SSD huwaka upesi zaidi. Muuzaji akikwambia "memori ni 500", muulize: ni RAM au ni diski? Hapo anakutajia kabati, meza hajaitaja. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Sasa rudi kwa yule mama. Laptopu isiyowaka yaweza kuwa na shida ya chaja, ya betri au ya saketi. Kabati bado zima! Kwenye mashine nyingi fundi huichomoa diski na kuisoma kwenye kompyuta nyengine.

Upande wa programu, kubwa kuliko zote ni mfumo endeshi, mfano Windows. Huo ndio msimamizi wa nyumba. Programu nyengine zote ni wageni wake. Ukinunua mashine ya mtumba, uliza ina mfumo gani. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine bado itawaka, lakini bila marekebisho ya usalama mlango unabaki wazi kwa wezi.

Na jambo moja wengi hawalijui. Kufuta faili si kuichoma. Inaenda kwanza kwenye pipa la taka, na hata ukilimwaga, mara nyingi mtu mwenye programu maalumu anaweza kuirudisha. Kwa hivyo anayenunua diski yako huenda amenunua na kitambulisho chako.

Basi shika haya. Ukiambiwa imekufa, uliza ni kipi kilichokufa. Usiuze mashine kabla ya kutoa diski. Na karatasi zako muhimu ziwe na nakala mahali pengine, kwenye flashi au kwa mtu unayemwamini. Fanya leo, kabla hujalala.

Mwambie na mama yako.