Kusafirisha na Kuweka Injini Ndogo ya Petroli



Wengi wetu tupatapo uhamisho twaondoka na injini ya pampu au ya kufua umeme, nayo hutupwa nyuma ya lori baina ya magodoro na jiko. Hatari imo hapo. Kiwakacho si petroli yenyewe bali mvuke wake, nao hutoka wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Sembuse katika jua letu! Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini bila kuonekana hata ukute jiko lililo mbali, kisha mwali hurudi mbio ulikotoka mvuke.

Basi toeni petroli yote, nje ya nyumba, mkaitie katika chombo cha petroli chenye kifuniko cha kukaza. Iliyobaki iungueni kwa kuiwasha injini hukohuko nje mpaka izimike. Ikiisha kupoa, vueni waya wa plagi, mkaifunge kwa kamba ikiwa wima. Ikilazwa, oili huingia katika silinda na chujio la hewa.

Ikiwa itakaa miezi, tieni oili kidogo katika tundu la plagi, mkavute kamba polepole, kutu isiingie. Iwekeni bandani penye hewa, wala si chumba cha kulala watu.

Na chupa ya soda isitiwe petroli kamwe, kwa ajili ya watoto.

Mwenye swali na aulize.