Jogoo Wako Ana Kazi Nyingine

(Maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Mwanda)

Tumeombwa tueleze ile kazi yetu ya manyoya, maana wengi mmesikia kwamba kuna kikundi kinachouzia Wazungu manyoya ya kuku. Wengine mmecheka. Hata sisi tulicheka mwanzoni.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna samaki wa maji baridi aitwaye trauti. Huku kwetu hatumjui. Yuko kwenye mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, ambako Wazungu walimleta kutoka Uskoti mwaka wa 1905. Trauti hula wadudu. Kwa hiyo wavuvi wake hutumia ndoano ndogo iliyofungwa uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu. Hiyo ndiyo huitwa nzi. Huko Nairobi watu wamefunga nzi hao kwa miaka mingi, nao huuzwa kwa dazeni hadi Ulaya na Marekani.

Sasa unyoya una kazi gani? Chukua unyoya wa shingo ya jogoo, uukunje. Vile vinyuzi vya kando vitasimama, vigumu, vinang'aa. Ukiuzungusha kwenye ndoano vinatawanyika kama miguu ya mdudu, na nzi huelea juu ya maji. Unyoya wa kuku jike ni laini, hunywa maji. Huo ni wa nzi wa kuzama. Mwaka wa 1922 mtu mmoja wa Michigan, Marekani, Len Halladay, alifunga nzi aitwaye Adams kwa manyoya ya jogoo wa mistari ya kijivu na nyeupe, akachanganya na ya kahawia. Nzi huyo anauzwa mpaka leo. Na majogoo wa rangi hizo si wanatembea hapo nje tunapozungumza?

Lakini ngojeni kidogo, msikimbilie kisu. Kinyuzi cha unyoya kinatakiwa kizidi upana wa mdomo wa ndoano mara moja na nusu, au mara mbili hivi. Jogoo wetu wa kienyeji ana vinyuzi virefu, basi kwa ndoano ndogo hafai. (Ndoano nambari 16 ni ndogo kuliko nambari 10, msichanganyikiwe kama sisi.) Marekani kuna watu wanaofuga majogoo kwa ajili ya manyoya tu, kizazi baada ya kizazi. Ya kwetu yanafaa nzi wa kuzama na wale wakubwa.

Hili tulilijua kwa hasara. Tulichukua pesa za mzunguko, nyingine zikiwa za karo, tukanunua jiliwa nne ndogo, uzi na ndoano. Tulifunga usiku na mchana kwa mwezi mzima. Mzigo wa kwanza ulirudishwa karibu wote. Tulilia, kusema kweli. Baadaye tulipotazama vizuri tukaona mnunuzi hakutuonea. Kichwa cha nzi tulikifanya kinene hadi uzi na gundi vikaziba tundu la ndoano, na mvuvi angepitishia wapi mshipi wake? Tena katika dazeni moja hakuna wawili waliolingana. Akina mama watano waliacha, na pesa zao tunazilipa mpaka sasa, kidogo kidogo.

Siku hizi kila mmoja hufunga aina moja tu mpaka mkono uizoee, na mwingine hukagua kwa kupitisha uzi kwenye kila tundu. Hatufungi hata mmoja kabla mnunuzi hajatupa mfano na bei.

Manyoya nayo yana matunzo. Yaoshe kwa sabuni, yakauke kivulini. Ukungu wetu huu wa Mwanda mnaujua: gunia la kwanza lilivunda, sasa tunayaning'iniza jikoni mbali na moshi, kisha tunayafunga kwenye mkebe asipenye mdudu. Kuku aliyekufa kwa kideri azikwe, manyoya yake hatuyataki.

Kijana mmoja alituletea manyoya mekundu ya kulukulu kutoka msituni. Mazuri ajabu! Tulimrudishia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haina mchezo, na msitu wetu wa Vuria ni kipande tu kilichobaki. Humo anaishi yule ndege mdogo aitwaye Taita Apalis, ambaye duniani kote hayuko ila katika milima hii. Tukianza kununua manyoya ya kulukulu, nani atamzuia mtoto mwenye manati asimpige na huyo mdogo?

Mtauliza faida. Bado ni ndogo, na macho huchoka. Mama mmoja wetu alilipia sare ya mtoto muhula uliopita. Mwingine hajapata hata ya sukari.

Jiliwa mbili ziko wazi kwa mweka hazina wetu. Anayetaka kujaribu aje Jumamosi na shingo ya jogoo iliyooshwa, aje mapema kabla ukungu haujashuka, maana taa yetu ni moja.